Kiungo na Marejeleo: Jinsi Wanafunzi Wanavyotumia Vyanzo vya Kozi za Mtandaoni

Utangulizi

Vyuo vikuu vya Kenya vilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya Korona, wahadhiri wengi walilazimika kuweka maandishi ya kozi zao mtandaoni. Madarasa yalifunguliwa tena, lakini desturi hiyo imebaki. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi mwanafunzi anavyovitumia vyanzo vilivyotajwa katika maandishi hayo, na kuonyesha kwamba mhadhiri aliyetoa kiungo pekee bado hajatoa marejeleo.

Istilahi

Nomino "kiungo" imetokana na kitenzi unga. "Marejeleo" imetokana na rejelea, yaani kauli ya kutendea ya rejea. Tofauti hii si ya umbo tu. Kiungo huunganisha kurasa mbili. Mmoja ukihama, huvunjika. Marejeleo humrudisha msomaji kwenye kazi yenyewe: mtunzi, jina la kazi, mwaka na ukurasa. Kazi hubaki ile ile hata ikihamishiwa rafu nyingine.

Mfano mzuri ni jarida la Swahili Forum. Lilianza mwaka 1994 likiwa sehemu ya machapisho ya Chuo Kikuu cha Köln, baadaye likawekwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Mainz, kisha makala yake yakahifadhiwa Leipzig. Mwanafunzi aliyepewa kiungo cha zamani peke yake huenda asifike popote. Aliyepewa jina la mtunzi, mwaka na juzuu atayapata makala yalikohamia. Wala tatizo hili si letu peke yetu. Uchunguzi wa Pew Research Center ya Marekani uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mtandaoni mwaka 2013 hazikupatikana tena mwaka 2023.

Hali ya mwanafunzi

Tumchukue mwanafunzi aliyepanga chumba Donholm, katika mitaa ya Eastlands, naye anasomea chuo kilichoko katikati ya jiji la Nairobi. Muda wake mwingi wa kusoma ni ule anaokaa ndani ya matatu katika msongamano wa Barabara ya Jogoo. Kifaa chake ni simu, na intaneti yake ni bando la siku. Kwake yeye, kila kiungo kina bei kabla hakijawa na maana. Hana budi kuchagua: hufungua kile alichoambiwa kwamba kinahusu jaribio lijalo, na vile visivyoelezwa huviruka.

Mara nyingi mwanafunzi mmoja hupakua faili na kulituma katika kundi la WhatsApp la darasa ili wenzake wasimalize bando. Ushirikiano huo ni wa kusifiwa. Hata hivyo, faili hufika likiwa na nambari tu, bila jalada wala mtunzi. Ndipo katika insha tunasoma "Chanzo: Google".

Ni rahisi kuuita huo uvivu, lakini lawama hiyo si ya haki, kwa maana mwanafunzi ametenda kwa hesabu. Hasara, hata hivyo, ni kubwa. Asiyejua ni nani aliyesema jambo, na lini, hawezi kulipima wala kulipinga, hulikariri tu. Aidha, mtaalamu wa Kiswahili aliyetumia miaka mingi katika utafiti hutoweka katika silsila ya taaluma yake.

Mapendekezo

Kwanza, marejeleo kamili yatangulie kiungo. Pili, kila chanzo kiambatane na sentensi moja inayoeleza kwa nini kisomwe na kurasa zipi zinatosha. Tatu, ukubwa wa faili utajwe, na kama chanzo kinahitaji nywila, hilo lielezwe. Nne, panapokuwa na nambari ya DOI, itumiwe badala ya anwani ya kawaida, maana nambari hiyo haibadiliki, na makala yakihamishwa ni wajibu wa mchapishaji kurekebisha anwani inayofungamana nayo. Tano, viungo vyote vijaribiwe kila mwanzo wa muhula, tena kwa kutumia simu.

Hitimisho

Tumeona kwamba namna mwanafunzi anavyotumia vyanzo hutegemea sana namna alivyoelezwa vyanzo hivyo. Kufundisha kunukuu, basi, hakuanzii katika kusahihisha insha. Kunaanzia katika ukurasa wa kozi anaouandika mhadhiri. Tunatumaini kwamba walimu wenzetu watalichunguza jambo hili katika kozi zao wenyewe.