Wavu wa pembetatu: Jinsi Python husoma takwimu za mafuriko

KIMBUNGA Katrina kilipoipiga pwani ya kusini mwa Marekani mnamo Agosti 29, 2005, takriban asilimia 80 ya jiji la New Orleans ilifunikwa na maji baada ya kuta za kuyazuia kubomoka.

Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani kililazimika kukokotoa upya urefu wa kuta hizo. Miongoni mwa programu zilizotumiwa ni ADCIRC, iliyobuniwa na wataalamu Rick Luettich na Joannes Westerink.

Programu hii huigawa bahari kuwa wavu wa pembetatu zisizolingana: kubwa kilindini, ndogo mno karibu na ufuo, mahali ambapo maji hubadilika upesi.

Hapo ndipo kibarua cha mchanganuzi anayetumia lugha ya Python huanzia. Katika picha ya kawaida, nukta hupangwa kwa safu, na jirani ya kila moja hujulikana. Katika wavu huu, ujirani haujulikani mpaka uandikwe. Kwa hivyo, faili ya matokeo hubeba mahali pa kila nukta, kimo cha maji kwa kila wakati, na orodha inayoonyesha ni nukta zipi tatu zinazounda kila pembetatu.

Maktaba ya netCDF4 huifungua faili, nayo Matplotlib huchora ramani. Hata hivyo, njiani kuna mitego.

Kwanza, ADCIRC huanza kuhesabu nukta kwa 1, ilhali Python huanza kwa 0. Asipoondoa moja katika orodha, Matplotlib huikataa. Lakini anayechomoa kimo cha kituo kimoja kwa nambari yake hupewa kimo cha nukta nyingine, bila onyo lolote.

Pili, Matplotlib ikipewa mahali pa nukta pekee, hujiundia pembetatu zake. Matokeo yake ni kwamba kisiwa kizima huweza kuchorwa kana kwamba ni bahari.

Tatu, nukta kavu hupewa thamani ya -99999. Zisipofichwa kabla ya hesabu, wastani huporomoka.

Mtego uliojificha zaidi ni wastani wenyewe. Kwa kuwa nukta nyingi zimesongamana ufuoni, kuzijumlisha na kuzigawa kwa idadi yake huupa ufuo uzito usiostahili. Sharti kila pembetatu ihesabiwe kwa ukubwa wa eneo lake. Aidha, iwapo mahali pa nukta pametajwa kwa digrii, lazima pageuzwe kuwa mita kwanza.

Ramani yenye kasoro hizi huweza kupendeza macho. Lakini ukuta uliopungua mita moja haupendezi siku ya tufani. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa, ufa huanzia katika faili.