Sura ya 7: Kukabidhi Kifaa Halisi kwa Mashine Pepe

Mashine pepe iliyotulia miezi mizima inaweza kuanza kuganda siku ile ile unapoikabidhi kadi ya grafiki, na wakati mwingine ikaiangusha hata kompyuta mwenyeji. Kwa kawaida mashine pepe hutumia vifaa vinavyoigizwa na programu, hivyo kosa huishia ndani ya programu. Kifaa halisi husoma na kuandika kwenye RAM chenyewe, bila kupitia prosesa. Kinachokizuia kisivuke mipaka ni IOMMU, ambayo Intel huiita VT-d na AMD huiita AMD-Vi. Kwenye Linux, kukabidhi kwenyewe husimamiwa na VFIO, iliyoingizwa katika toleo la 3.6 mwaka 2012.

Anza kwa kukiondoa kifaa, kisha uwashe mashine pepe bila hicho. Ikiendelea kuanguka, tatizo liko kwingine. Ikitulia, jiulize maswali manne.

Je, kifaa kimetengwa? Tazama folda ya /sys/kernel/iommu_groups, inayoorodhesha vifaa kwa makundi ya IOMMU. Vifaa vya kundi moja haviwezi kugawanywa kati ya mwenyeji na mashine pepe. Kadi ya grafiki huwa na sehemu ya picha, tuseme 01:00.0, na ya sauti, 01:00.1; zikabidhi zote. Wapo wanaobandika kiraka kwenye kerneli ili kuyavunja makundi hayo kwa nguvu. Orodha itapendeza, lakini maunzi hayajabadilika: vifaa bado vinaweza kuwasiliana bila IOMMU kujua, na data ikaharibika.

Je, mwenyeji amekiachia? Amri ya lspci -nnk ionyeshe kwamba kiendeshi kinachokishika ni vfio-pci. Ikionyesha amdgpu au nouveau, mwenyeji bado anakitumia.

Je, kinaweza kurudi katika hali yake ya mwanzo? Dalili ni hii: mashine pepe huwaka vizuri mara ya kwanza, ukiizima na kuiwasha tena inaganda, na haiponi mpaka mwenyeji mwenyewe azimwe. Kadi kadhaa za AMD za vizazi vya Vega na Navi vya mwanzo zinajulikana kwa hilo. Moduli ya vendor-reset iliandikwa kuzisaidia.

Je, RAM inatosha? Kifaa kikishakabidhiwa, RAM yote ya mashine pepe hufungwa mahali pake. Mwenyeji hawezi kuikopa wala kuihamishia kwenye diski. Ukimwachia mwenyeji kidogo mno, kerneli itaiua QEMU, programu inayoiendesha mashine pepe, nawe utadhani mashine pepe imeanguka yenyewe.

Majibu ya maswali haya hupatikana kwa mwenyeji. Kama naye alizimika, soma logi za uwashaji uliopita kwa journalctl -b -1, ukianzia kosa la kwanza, kwa kuwa yanayofuata mara nyingi ni matokeo yake. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, ujaribu, uandike ulichoona. Ukibadilisha matano kwa pamoja, hata mashine ikipona hutajua ni lipi lililoiponya.