Safari ya mtoto haiishii mlangoni mwa basi la shule

NI saa 10:30 jioni katika mtaa mmoja wa Tabata, jijini Dar es Salaam. Basi dogo la njano linasimama kando ya barabara ya vumbi, mlango unafunguliwa na mtoto wa darasa la awali anateremka, akiwa amebeba begi lililo pana kuliko mgongo wake. Geti la nyumbani kwao limefungwa. Dereva anapiga honi mara mbili, anatazama saa, kisha anaondoa gari. Mtoto anabaki peke yake, akigonga geti kwa kiganja.

Mandhari ya aina hii si ngeni kwa mkazi yeyote wa miji yetu. Kwa kuwa mara nyingi geti hufunguliwa baada ya dakika mbili au tatu, hakuna anayeihesabu kuwa ni hatari. Hata hivyo, katika dakika hizo mtoto hana mwangalizi kabisa. Shule inaamini kuwa imekwisha kumfikisha nyumbani, na nyumbani wanaamini kuwa bado yuko njiani.

Taifa hushtuka, na kwa haki, pale basi la shule linapopata ajali kubwa, kama ile ya Karatu ya Mei 6, 2017 iliyoua wanafunzi zaidi ya 30. Baada ya misiba kama hiyo huzungumzwa breki, matairi, mwendo kasi na leseni za madereva. Lakini liko eneo jingine ambalo halizungumzwi sana, kwa sababu madhara yake humpata mtoto mmoja mmoja: ni pale basi linaposimama na mtoto kuteremka.

Hatari iliyoko nje ya gari

Nchini Marekani, ambako mabasi ya shule yana historia ndefu, imebainika kwa miaka mingi kwamba watoto wanaogongwa na kufariki wakiwa nje ya basi ni wengi kuliko wanaofia ndani ya basi lenyewe. Baadhi yao hugongwa na magari yanayolipita basi lililosimama, na wengine hugongwa na basi lilelile lililowashusha.

Ndiyo maana huko madereva na wanafunzi hufundishwa kuwa eneo la takriban mita tatu kulizunguka basi, mbele, nyuma na pembeni, ni eneo la hatari. Mtoto wa miaka minne au mitano ana urefu wa mita moja hivi. Akisimama karibu na bampa ya mbele, dereva aliyeketi juu haoni hata kichwa chake kupitia kioo. Akiinama kuokota daftari au chupa ya maji iliyomdondoka karibu na gurudumu, hata vioo vya pembeni haviwezi kumwonyesha. Mikanda ya begi nayo inaweza kunaswa na mlango unaofungwa kwa haraka.

Kwa Tanzania, hali ya barabara inaongeza mambo mawili. La kwanza ni kwamba tunaendesha upande wa kushoto, na mlango wa basi uko upande huohuo. Mtoto anayeishi upande wa pili hana budi kuvuka barabara, na wengi huvuka wakitokea mbele au nyuma ya basi, mahali ambapo dereva wa gari linalokuja hawezi kuwaona mpaka wawe wamekwisha kuingia barabarani. La pili ni pikipiki na bajaji, ambazo hulipita basi lililosimama si kwa upande wa kulia pekee, bali pia kwa upande wa kushoto, kati ya mlango na mtaro, palepale mtoto anapokanyaga ardhi.

Huko Marekani magari mengine hulazimika kusimama basi la shule linapowasha taa nyekundu na kufungua kibao cha kusimamisha magari. Hata rangi ya njano ilichaguliwa kwa shabaha ya usalama. Mwaka 1939 Frank Cyr, aliyekuwa katika Chuo cha Ualimu cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliitisha mkutano uliokubaliana juu ya viwango vya mabasi hayo, na rangi hiyo ikachaguliwa kwa kuwa huonekana upesi, hasa alfajiri na jioni. Majirani zetu wa Kenya nao wameweka katika sheria kwamba mabasi ya shule yapakwe rangi ya njano. Lakini rangi humsaidia dereva mwingine kulitambua basi. Haimshiki mtoto mkono.

Mtoto si mtu mzima mfupi

Wazazi wengi hujipa matumaini kwa kusema, "Mwanangu nimemfundisha, anajua kuvuka." Mafunzo ni jambo jema, lakini yana mpaka. Mtoto mdogo hana uwezo wa kukadiria mwendo wa gari na umbali wake kwa pamoja. Huona gari, lakini hawezi kujua kwa hakika kama litamfikia kabla hajavuka. Hutambua kwa shida sauti inatokea upande gani. Tena mawazo yake hukaa kwenye jambo moja: akimwona mama ng'ambo ya barabara, humkimbilia mama, na barabara haipo tena akilini mwake.

Kwa sababu hiyo wataalamu wengi wa usalama barabarani hushauri kuwa watoto walio chini ya miaka tisa au kumi wasiachwe kuvuka barabara yenye magari bila mtu mzima. Mzazi anayempokea mtoto naye ashike kanuni moja rahisi: asimame upande uleule unaofunguka mlango wa basi, na asimwite mtoto kutoka ng'ambo.

Amekabidhiwa kwa nani?

Baada ya barabara, swali la pili ni la makabidhiano. Katika familia za mjini ambamo baba na mama wote wako kazini hadi jioni, anayempokea mtoto ni dada wa kazi, bibi, kaka mkubwa au jirani. Siku dada anapokuwa sokoni, simu hupigwa kwa dereva: "Kaka, leo mwache tu dukani kwa Mangi, nitampitia." Dereva hutii, maana ni mama mwenye mtoto aliyesema. Lakini Mangi hakuulizwa, ana wateja, na hana habari kuwa amekuwa mlezi. Mtoto akiondoka dukani kumfuata mwenzake, hakuna atakayejua aliondoka saa ngapi wala kuelekea wapi.

Yapo pia maswali ambayo wazazi huona haya kuyauliza. Mtoto wa mwisho kushushwa hubaki garini na nani? Je, ni dereva peke yake? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto anayestahili ulinzi dhidi ya ukatili na unyanyasaji. Ulinzi huo hauwezi kusimamishwa kwa muda kwa sababu mtoto yuko kwenye foleni ya Barabara ya Mandela. Kuwa na watu wazima wawili garini hadi mtoto wa mwisho ateremke humlinda mtoto, na humlinda pia dereva mwaminifu dhidi ya tuhuma.

Kiti cha nyuma

Kuna hatari ya tatu, ambayo hutokea zaidi asubuhi. Mtoto aliyeamshwa saa 10:30 alfajiri ili awahi basi husinzia njiani. Wenzake wakiteremka shuleni, yeye hubaki amelala kiti cha nyuma, na gari hufungwa na kuegeshwa juani.

Septemba 5, 2022, mtoto wa miaka mitatu alifariki kwa joto katika mji wa Makinohara nchini Japan baada ya kusahauliwa ndani ya basi la shule ya awali kwa takriban saa tano. Siku chache baadaye, mwezi huohuo, mtoto wa miaka minne alifariki kwa namna hiyohiyo nchini Qatar. Joto ndani ya gari lililofungwa linaweza kupanda kwa nyuzi 10 hivi katika dakika 10 tu, na mwili wa mtoto hupata joto kwa kasi ya mara tatu hadi tano kuliko wa mtu mzima. Dirisha lililoachwa wazi kidogo halisaidii sana.

Tangu Aprili 2023, Japan imeyataka mabasi ya shule za awali yawe na kengele ya kuzuia mtoto kusahauliwa. Katika aina mojawapo ya kifaa hicho, kengele hulia injini inapozimwa na hainyamazi mpaka mtu atembee hadi nyuma ya basi na kubonyeza kitufe. Shabaha yake ni kumlazimisha mtu mzima kupita kila kiti na kukiangalia. Kazi hiyo haihitaji kifaa cha Japan. Inahitaji miguu, macho na nidhamu.

Kinachowezekana kuanzia kesho

Kila shule zinapokaribia kufunguliwa, ni kawaida kusikia askari wa usalama barabarani wakikagua mabasi ya wanafunzi. Ukaguzi huo ni muhimu, lakini hauwezi kugundua kuwa basi halina msimamizi saa 10:30 jioni, wala kwamba mtoto ameachwa dukani. Hilo liko mikononi mwa shule na wazazi.

Jambo la kwanza ni msimamizi anayefanya kazi moja tu. Aliyeajiriwa kusimamia watoto asiwe mtu wa kukaa mbele na simu. Basi likisimama na breki ya mkono ikivutwa, yeye ndiye ateremke kwanza, atazame pikipiki upande wa mtaro, ndipo amshike mtoto. Dereva asiondoe gari mpaka msimamizi amerudi ndani na kumwambia kuwa njia ni salama.

Pili, ratiba ipangwe ili kila mtoto ashushwe upande wa nyumbani kwao, wa kushoto wakati wa kwenda na wa kulia wakati wa kurudi. Pale isipowezekana, msimamizi avuke naye. Hapa ndipo penye ugumu wa kweli, kwani basi moja mara nyingi hufanya mizunguko miwili au mitatu, na kila dakika inayotumika kituo kimoja humchelewesha mtoto wa kituo kinachofuata. Lakini ratiba isiyompa msimamizi nafasi ya kumvusha mtoto ni ratiba iliyokosewa, na shule ndiyo yenye wajibu wa kuirekebisha.

Tatu, kila mtoto wa awali hadi darasa la pili awe na orodha ya watu wawili au watatu wanaoruhusiwa kumpokea, yenye majina, picha na namba za simu. Wasipokuwapo, mtoto abaki garini, mzazi apigiwe, na ikibidi arudishwe shuleni. Mzazi asikasirike kwa hilo, ashukuru.

Nne, watoto wahesabiwe wanapopanda na wanaposhuka, na kila mwisho wa safari basi likaguliwe kiti kwa kiti. Mtoto asipoonekana darasani asubuhi, mzazi apigiwe simu mapema, si saa ya kutoka.

Wazazi nao wana lao. Wanapolipia usafiri huuliza ada ni kiasi gani na basi litapita saa ngapi. Ni wachache wanaouliza jina la msimamizi, au nini hutokea geti likikutwa limefungwa. Maswali hayo hayana gharama, na shule isiyokuwa na majibu yake itayatafuta pale wazazi 20 watakapouliza kwa pamoja.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtoto wa Tabata hatimaye alifunguliwa geti, akaingia, akavua viatu na kuomba uji. Ufa huo bado uko palepale, na basi litapita tena kesho saa 10:30.