Kuchagua Darubini ya Mwindaji

Mwindaji mwenye busara hapigi asichokiona sawasawa. Jua likichwa, mtu aliyeinama akiokota kuni huweza kufanana na nguruwe mwitu, na risasi ikiisha kutoka hairudi. Kwa hiyo darubini ya macho mawili humwokoa mwindaji na majuto.

Juu ya darubini ya namna hiyo zimeandikwa namba mbili, kama 8x30 au 7x50. Ya kwanza ni kipimo cha kukuza: kwa darubini ya 8, kitu kilicho mbali hatua 800 huonekana kana kwamba ki mbali hatua 100 tu. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele, kwa milimita.

Watu wengi hudhani kuwa namba ya kwanza ikizidi, darubini ni bora zaidi. Sivyo. Ikikuza mara 12, hukuza na mtetemeko wa mikono pia, hata mnyama aliyetulia huonekana akichezacheza. Tena, gawanya namba ya pili kwa ya kwanza: 50 kwa 7 ni kama 7, 30 kwa 8 haifiki 4. Huo ndio upana, kwa milimita, wa nuru iingiayo jichoni. Mchana mboni ya jicho ni ndogo, nuru kidogo yatosha. Magharibi hufunguka, yataka nyingi. Walakini kioo kipana ni kizito shingoni.

Basi, awindaye alfajiri na jioni achague kioo kipana. Atembeaye mchana kutwa achague darubini nyepesi. Wala mtu asiielekeze juani kamwe, maana hupofua.