Je, Wajua? Nyundo iliyopotea ilifichua hazina ya Kirumi

Novemba 1992, katika kijiji cha Hoxne, Uingereza, mkulima alipoteza nyundo shambani. Rafiki yake, Eric Lawes, akaja na kifaa cha kutambua metali ili amsaidie kuitafuta, nacho kikalia juu ya sarafu za Kirumi. Lawes alitoa chache, kisha akaacha kuchimba na kutoa taarifa. Hapo ndipo anapostahili sifa, kwani kesho yake wanaakiolojia waliikuta sehemu kubwa ya hazina ingali imepangwa jinsi ilivyozikwa: sarafu zaidi ya 14,000, vijiko vya fedha na mapambo ya dhahabu. Nyundo nayo ilipatikana, na imehifadhiwa British Museum.

Je, wewe nawe unachagua kifaa kama cha Lawes cha kutafutia vitu vya kale? Tazama kwanza masafa ya mawimbi yake. Ya chini hupenya udongo zaidi na hunasa vyema fedha; ya juu huhisi vipande vidogo vya dhahabu. Koili kubwa hufika chini zaidi, ilhali ndogo hufaa palipojaa misumari. Ufukweni, kwenye mchanga wenye maji ya chumvi, kifaa cha mapigo ya umeme hutulia kuliko vingine, ingawa hakitenganishi vizuri msumari na sarafu. Na usikiamuru kipuuze chuma chote: ncha ya mkuki na kufuli la kale ni chuma pia.

Lakini kabla ya kuchimba, kumbuka sheria: nchini Tanzania, kuchimba vitu vya kale kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.