Konokono na Figo ya Mtoto

Mama mmoja wa Tanga ameniandikia. Mwanawe wa miaka 6 alitoka madoa ya zambarau miguuni na makalioni, magoti yakavimba, tumbo likamsokota. Madoa yameshafutika, lakini daktari anataka mkojo upimwe mara kwa mara kwa miezi 6. Anauliza: damu haiwezi kutuambia mapema kama figo imeguswa?

Madaktari huuita ugonjwa huu vaskulitisi ya IgA. Mimi ningesema homa ya mishipa. Msinicheke: mbona tuna homa ya ini, na mwenye nayo aweza asiwe na joto hata kidogo? "Uvimbe wa mishipa" humpeleka msomaji kwenye vena zilizotuna za miguuni, na huko siko.

Kreatinini, taka ya misuli inayopimwa kwenye damu, naipita: hupanda figo ikiwa imekwisha kuumia, na kwa mtoto mwenye misuli kiduchu huchelewa hata kushtua. Utamu uko kwenye bawaba.

Kingamwili IgA1, aina ya hiyo IgA, ina umbo la Y, na pale panapogawanyika pana bawaba hasa, yenye vishada 3 hadi 6 vya sukari. Kila kishada ni shina lililovishwa kofia ya galaktosi. Kwa watoto wengine kofia hupungua. Sasa fikiria mlango wa zamani wenye misumari iliyochomoza bawabani. Apitaye, kanga yake inanasa. Wa pili anakuja kumnasua, naye leso yake inanasa. Wa tatu vivyo hivyo, mpaka mlangoni pana furushi la watu na nguo. Kingamwili nyingine, IgG, hunasa hivyo hivyo kwenye sukari iliyo uchi. Furushi husombwa na damu hadi kwenye vichujio vya figo, likakwama humo na kuwasha moto.

Mwaka 1998 watafiti wa Leicester, Uingereza, waliikuta kasoro hiyo kwa wagonjwa walioguswa figo, si kwa waliosalimika. Na kinachoweza kuipima ni konokono! Konokono wa bustani wa Ulaya ana protini, lektini, inayong'ang'ania sukari ile ile isiyo na kofia. Kadiri inavyonata zaidi kwenye IgA1 ya mtoto, ndivyo kofia zilivyopungua.

Lakini ndugu wa mgonjwa walio wazima nao huweza kuwa na kasoro hiyo, na kipimo bado ni cha maabara za utafiti. Basi mama, endelea na kikopo: mkojo wa kwanza wa asubuhi, na kijiti kinachobadilika rangi kikikuta damu au protini.