Wanamitandao Ni Nani? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulitazama intaneti ilivyoingia Afrika Mashariki. Leo tuulize: wanaotoa maoni humo ni akina nani hasa?

Tuanzie sensa ya Kenya ya 2019. Kati ya watu wa umri wa miaka 3 na zaidi, waliotumia intaneti walikuwa asilimia 22.6 tu. Mijini walifika 42.5, vijijini 13.7, na wanaume waliwazidi wanawake. Tangu hapo idadi imepanda, lakini mizani bado imelalia upande ule ule: mjini, ujana, masomo, na hela ya bando. Mama wa Pokot Magharibi mwenye simu ya mulika mwizi ana kura moja kamili kama ya wakili wa Nairobi, ila mjadala unaovuma kwenye mtandao wa X haumjui.

Sasa tazama daftari la wapigakura la 2022. Wenye miaka 18 hadi 34 walikuwa asilimia 39.84, ilhali ndio zaidi ya nusu ya watu wazima nchini. Yaani rika linalojaa mitandaoni ndilo lililopungua daftarini. William Ruto, aliyemshinda Raila Odinga katika uchaguzi wa urais wa mwaka huo kwa kura kama 233,000, aliijenga kampeni yake kwa mama mboga na watu wa bodaboda, si kwa mabingwa wa kubishana mitandaoni. Alijua anachokifanya.

Basi wanamitandao hawana uzito? Wanasiasa wengi walidhani hivyo hadi Juni 2024. Mswada wa Fedha, uliopendekeza kodi mpya, ulichambuliwa kifungu kwa kifungu kwenye TikTok, ukafafanuliwa hata kwa lugha ya ishara. Nambari za simu za wabunge zikasambazwa, jumbe zikawamiminikia mchana na usiku. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni. Watu waliuawa kwa risasi. Kesho yake Rais akakataa kuutia saini mswada ambao upande wake mwenyewe ndio ulioupitisha. Na hasira haikuishia Nairobi: hata Eldoret, ngome yake, vijana waliandamana.

Vijana walioandamana hawakuwahi kuwa wengi kuliko Wakenya wengine. Walichokuwa nacho ni uwezo wa kuitana kwa saa chache, tena wengi wao wakiwa mwendo wa matatu moja tu kutoka Bungeni. Daftari la wapigakura halipimi nguvu ya namna hiyo, na kura za maoni huipima kwa shida.

Juma lijalo: Uganda, ambako intaneti ilizimwa mkesha wa uchaguzi wa Januari 2021.